Kadi mpya ya grafiki ukiwa Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliye Malindi, Watamu au Lamu anayetaka kuipima kadi ya grafiki (kipande cha kompyuta kinachochora picha za gemu) ya daraja la kati kabla hajatoa pesa. Bei za dola zilizotajwa ni zile walizotangaza watengenezaji siku ya uzinduzi. Hesabu za shilingi ni mifano, kwa hiyo weka bei na kiwango cha dola cha siku yako.

Daraja la kati ni kadi zipi hasa?

Kwa sasa ni zile zilizotangazwa kati ya dola 249 na 450. Intel Arc B580 ilitoka Desemba 2024 kwa dola 249, ina GB 12 za kumbukumbu na inakula wati 190. GeForce RTX 5060 Ti ilitoka Aprili 2025: ya GB 8 dola 379, ya GB 16 dola 429, wati 180. Mwezi uliofuata ikaja RTX 5060 kwa dola 299, GB 8, wati 145. Radeon RX 9060 XT ilifuata Juni 2025, dola 299 kwa GB 8 na 349 kwa GB 16, na hiyo ya GB 16 inakula wati 160. Madukani bado utakuta za 2023: RTX 4060 (dola 299, wati 115) na RX 7600 (dola 269, wati 165).

Zote ni kadi za 1080p, ukubwa wa picha wa skrini za kawaida, kwa mipangilio ya juu. Kwa 1440p, picha kubwa zaidi, zinaweza, ila kwenye gemu nzito itabidi upunguze mambo.

Wapimaji mtandaoni wanapata fremu 100, mimi kwa kadi ileile napata 70. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Fremu ni picha moja moja ambazo kadi inachora, na huhesabiwa kwa sekunde. Mpimaji anataka kuipima kadi peke yake, kwa hiyo anaifunga na prosesa kali sana, mfano Ryzen 7 9800X3D, na RAM ya kasi. Wewe umeifunga na Core i5 ya miaka sita iliyopita. Chumba chake kina baridi ya nyuzi 21 au 22, chako kina nyuzi 32. Tena gemu moja ina sehemu nyepesi na sehemu nzito: anayepima ndani ya pango na anayepima sokoni penye watu mia hawatapata namba moja.

Namba zake zinakufaa kwa jambo moja, kulinganisha kadi na kadi. Ikiwa kwenye jedwali lake kadi A inaizidi B kwa asilimia 15, tofauti hiyo kwako kwa kawaida itakuwa 15 au pungufu. Idadi yenyewe ya fremu usiibebe nyumbani.

Nitajuaje kama tatizo ni prosesa, nisije nikanunua kadi bure?

Kipimo hiki hakina gharama, na kifanye na kadi uliyo nayo sasa:

1. Weka programu za MSI Afterburner na RivaTuner, uwashe maandishi ya kwenye skrini yaonyeshe matumizi ya kadi kwa asilimia, fremu kwa sekunde, na joto.
2. Zima V-Sync (inayofunga fremu kwa kasi ya skrini) na ukomo wowote wa fremu.
3. Cheza dakika kumi sehemu nzito ya gemu unayoicheza kweli. Andika fremu na asilimia ya kadi.
4. Shusha hadi 720p, bila kugusa kitu kingine, urudie sehemu ileile.

Kadi ikiwa kwenye 97 au 99 na fremu zikapanda sana kwenye 720p, kadi ndiyo inayokuzuia, nenda kanunue. Kadi ikiwa kwenye 60 au 70 na fremu zikabaki palepale, prosesa imechoka, na kadi mpya itakaa inamsubiri mzee huyo.

Kabla ya kuilaumu prosesa, fungua kasha uhesabu vipande vya RAM. Mashine nyingi zilizonunuliwa mtumba zina kipande kimoja cha GB 8 au 16. Vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja kwenye chaneli yake, vinaipa prosesa njia pana maradufu ya kumbukumbu, na kwenye gemu tofauti inaonekana kwa macho. Ni tiba ya bei ndogo kuliko kadi.

Kwenye jedwali la vipimo nisome nini?

Watu wote hukimbilia wastani. Soma na safu ya pembeni yake, ile inayoandikwa asilimia 1 ya chini. Hiyo inaonyesha gemu inavyokuwa katika nyakati zake mbaya zaidi, na ndizo unazozihisi mkononi. Kadi yenye wastani wa 90 na chini 70 inacheza laini kuliko yenye wastani wa 100 na chini 45.

Ukitaka kuelewa zaidi, fikiri kwa milisekunde. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu inapewa milisekunde 16.7. Fremu moja ikichukua 50, skrini imeganda kwa muda wa fremu tatu, hata kama wastani wa dakika nzima bado unasoma 60. Programu ya CapFrameX inakuchorea mstari huo bure. Mstari ulionyooka ni mzuri, na wenye miiba kama mgongo wa samaki ni gemu itakayokukera.

Angalia pia resolusheni ya jedwali. Kama skrini yako ni ya 1080p na 60Hz (inaonyesha picha 60 kwa sekunde), au ni televisheni ya sebuleni, jedwali la 1440p halikuhusu. 1440p ina pikseli milioni 3.7 dhidi ya milioni 2.1 za 1080p, kwa hiyo kadi mbili zinazokaribiana kwenye 1080p zinaweza kuachana huko.

Tangazo linasema kadi mpya ina fremu mara mbili ya ya zamani. Ni kweli?

Soma maandishi madogo chini ya mchoro. Mara nyingi upande mmoja umewashiwa uzalishaji wa fremu: kadi inachora fremu mbili za kweli, kisha inabuni moja au zaidi za katikati. Msururu wa RTX 50 ulipotoka 2025 uliweza kubuni hadi tatu kwa kila moja ya kweli. Picha inaonekana laini, lakini kidole chako kinajibiwa kwa kasi ya fremu za kweli tu, tena na kucheleweshwa kidogo zaidi. Fremu 30 za kweli zikigeuzwa 90 bado zinashikika kama 30.

Kukuza picha kwa teknolojia za watengenezaji kama DLSS, FSR au XeSS ni jambo jingine. Hapo kadi inachora picha ndogo kisha inaipanua, na fremu zinazopatikana ni za kweli. Kwa kadi ya daraja la kati ni msaada mkubwa. Ila unapolinganisha kadi mbili, zote zipimwe bila msaada huo kwanza.

GB 8 zinatosha?

Kwa eFootball, EA FC, GTA V, Valorant na Counter-Strike 2 kwenye 1080p, zinatosha. Kwa gemu kubwa mpya ukiweka michoro ya juu kabisa, hazitoshi, na dalili zake watu wengi huzidhania ugonjwa mwingine: fremu zinakuwa nzuri dakika tano, halafu gemu inaanza kukwama kila ukigeuka, au kuta zinabaki na ukungu kama picha haijamaliza kufunguka.

Kinachotokea ni kwamba kumbukumbu ya kadi imejaa, mzigo unamwagikia kwenye RAM ya mashine kupitia sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta). Hapo ndipo upana wa sloti unapoleta shida. RTX 4060, RTX 5060, 5060 Ti na Arc B580 zote zinatumia njia 8 badala ya 16. Kwenye madabodi ya PCIe 4.0, njia 8 zinapitisha karibu GB 16 kwa sekunde. Kwenye madabodi ya zamani ya PCIe 3.0 zinapitisha karibu GB 8 tu. Kumbukumbu isipojaa hutaona tofauti kubwa. Ikijaa, mwenye madabodi ya zamani ndiye anayeumia zaidi. RX 9060 XT ina njia zote 16, jambo la kulifikiria kama mashine yako ni ya kabla ya 2020.

Ushauri wetu: ukiwa na bajeti ya kadi ya kukaa nayo miaka minne, ongeza pesa uchukue ya GB 16, hata kama jedwali la leo linaonyesha zote mbili sawa. Mwenye ukumbi wa gemu za mpira asitupe pesa huko.

Bei gani ni halali hapa kwetu?

Bei ya dola inayotangazwa Marekani haina kodi ndani yake. Chukua bei hiyo, zidisha kwa kiwango cha dola, halafu ongeza VAT ya asilimia 16. Kwa kiwango cha shilingi 129, ambacho ndicho kilichozunguka sana mwaka 2025:

RTX 5060 ya dola 299 ni shilingi 38,571, na VAT inafika 44,742. RX 9060 XT ya GB 16 inafika 52,224. Arc B580 inafika 37,260. RTX 5060 Ti ya GB 16 inafika 64,196.

Juu ya hapo kuna ada za forodha, usafiri na faida ya duka. Mwenye duka akikuuzia kwa asilimia 10 au 15 juu ya hesabu hii, amekuuzia kwa haki. Akizidi 25, uliza Mombasa na Nairobi kwanza. Akiwa chini ya hesabu hii kwa mbali, kadi ni mtumba, au haina waranti ya hapa, au si kadi unayoambiwa.

Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda sana duniani, na kumbukumbu ya kadi inatoka viwanda hivyohivyo. Kwa hiyo usishangae kadi za GB 16 zikipanda kuliko za GB 8.

Nilinganishe vipi kadi mbili kwa bei?

Gawanya bei ya dukani kwa wastani wa fremu kwenye gemu tano au sita unazozijua. Tuseme A ni shilingi 46,000 na inatoa fremu 80: kila fremu ni shilingi 575. B ni 54,000 na inatoa 88: kila fremu ni karibu 614. A imeshinda.

Sasa ongeza gharama nyingine. Kama B inahitaji pawa saplai mpya ya shilingi 7,000 na A inatumia uliyo nayo, pengo limekua. Kama A ni ya GB 8 na B ni ya GB 16, mizani inarudi upande wa B. Hesabu ya fremu peke yake inamfaa mtu ambaye tayari ana mashine nzuri.

Pawa saplai yangu imeandikwa 500W. Itabeba?

Usisome namba kubwa ya ubavuni. Geuza pawa saplai utafute kibandiko chenye jedwali, kisha safu ya +12V. Kadi na prosesa zinakula kutoka hapo. Zidisha ampea kwa 12. Ikiwa imeandikwa 38A, una wati 456, na hiyo ni pawa saplai ya kweli. Ikiwa imeandikwa 20A, una wati 240, na zile 500 za ubavuni ni mapambo. Iinue pia: pawa saplai nzuri ni nzito mkononi, ile ya mapambo ni nyepesi kama kopo tupu.

Kisha jumlisha. RTX 5060 wati 145, prosesa ya daraja la kati wati 90 ikikazana, madabodi, diski na feni wati 50. Jumla 285. Kadi inaruka juu ya kiwango chake kwa milisekunde chache kila mara, kwa hiyo acha nafasi: wati 450 halisi ndiyo chini kabisa, 550 unalala vizuri. Kwa Arc B580 au RTX 5060 Ti, anzia 550.

Sloti ya madabodi inatoa wati 75, plagi ya pini 6 wati 75, ya pini 8 wati 150. Kadi ya pini 8 ikikosa plagi yake, kuna kigeuzi cha kutoka kwenye nyaya za diski. Kiache dukani. Plagi ya SATA, hiyo ya diski, haikuundwa kubeba mzigo huo. Huanza kwa kulegea na kunukia, kisha huyeyuka.

Dalili ya pawa saplai iliyoshindwa ni mashine kuzima ghafla katikati ya gemu kama imechomolewa, bila skrini ya bluu wala onyo. Ikizima kwenye gemu tu na haizimi kwenye video, anzia hapo.

Nina mashine ya ofisi, ex-UK. Nitie kadi?

Pima kwanza. Zile nyembamba zinachukua kadi fupi tu, na hakuna kadi kati ya zilizotajwa juu itakayoingia kirahisi. Zile za mnara zina nafasi, lakini pawa saplai zake mara nyingi ziko kati ya wati 180 na 300, hazina plagi ya pini 8, na soketi yake ya kwenye madabodi si ya kawaida, kwa hiyo hata pawa saplai mpya inahitaji waya wa kugeuzia.

Kwa mashine hizo tafuta kadi isiyo na plagi kabisa, isiyozidi wati 75 za sloti, mfano GTX 1650 ya kawaida au RTX 3050 ya GB 6 (wati 70). Arc B580 usiiweke kwenye mashine ya zamani: bila Resizable BAR (mpangilio wa madabodi unaoiruhusu prosesa kufikia kumbukumbu yote ya kadi) inapoteza nguvu nyingi, na madabodi za kabla ya kizazi cha 10 cha Intel au Ryzen 3000 kwa kawaida hazina. Hata ikiwepo, kadi hiyo inaichosha prosesa dhaifu kuliko wenzake.

Itaongeza stima kiasi gani kwa mwezi?

Chukua risiti yako ya tokeni, gawanya pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Ukilipa 1,000 ukapata yuniti 35, yuniti moja imekugharimu shilingi 28.6, kodi zote ndani.

Sasa chukua kadi mbili zinazoachana kwa wati 100, mfano RTX 5060 ya 145 na RX 7700 XT ya 245. Saa nne kwa siku, siku 30: 100 × 4 × 30 ÷ 1000 = yuniti 12, sawa na shilingi 343 kwa mwezi. Miaka miwili ni zaidi ya 8,200. Kadi iliyopunguzwa bei kwa shilingi 5,000 dukani inaweza kukurudia kwenye mita.

Kwa ukumbi wa mashine sita zinazokesha saa kumi kwa siku, tofauti hiyohiyo ni yuniti 180 kwa mwezi, zaidi ya shilingi 5,100. Hapo funga fremu kwenye 60 kwa RivaTuner. Televisheni nyingi za ukumbini ni za 60Hz, fremu za juu ya hapo hakuna anayeziona, na kadi iliyofungwa kwenye gemu nyepesi inaweza kushuka hadi nusu ya matumizi yake.

Programu inasema kadi inakula wati 100, lakini boksi linasema 132. Nini hiki?

Inategemea kinachopimwa. Radeon za msururu wa 6000 huonyesha wati za chipu tu, bila kumbukumbu na mizunguko mingine ya kadi. RX 6600 ndiyo mfano: programu husoma karibu 100, kadi nzima inakula 132. GeForce na Radeon za msururu wa 7000 huonyesha kadi nzima. Anayelinganisha RX 6600 na RTX 4060 kwa kusoma skrini tu anampunja mmoja.

Mita ya kuchomeka ukutani inaleta usawa, lakini inapima mashine nzima pamoja na hasara ya pawa saplai. Kompyuta ikivuta wati 300 ukutani kwa pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 88, vifaa vya ndani vimepata 264.

Stima ikipotea au ikirudi kwa kishindo, kadi itaungua?

Kupotea si hatari kubwa. Kurudi ndiko kubaya, hasa ikirudi ikipanda na kushuka. Cha chini kabisa weka ile gadi ya friji, inayokata stima ikizidi au ikipungua na kungoja dakika kadhaa kabla ya kuirudisha.

UPS isome kwa wati, si kwa VA. Ya 650VA mara nyingi inabeba wati 360 hivi, na ndani yake kuna betri moja ya 12V 7Ah, yaani 84Wh kwenye karatasi. Kwa mzigo wa wati 300 hupati hata nusu ya hizo: ni dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Ikipiga kelele na kukata palepale stima inapopotea ukiwa ndani ya gemu, mzigo umeizidi. Jaribu kupotea kwa stima ukiwa kwenye gemu, usijaribu ukiwa kwenye dawati la Windows.

Kasha likikupiga shoti kidogo vidoleni kila ukiligusa, nyumba haina erthi au soketi hiyo haijaungwa. Nyumba nyingi za zamani ziko hivyo. Mwite fundi wa stima kabla ya kununua kadi.

Joto la Malindi litaiua kadi?

Halitaiua, litaipunguza kasi na kuipigisha kelele. Kadi hujipasha juu ya joto la chumba. Iliyosoma nyuzi 66 kwenye chumba cha 22 imepanda 44. Kwenye chumba cha 33, saa nane mchana mwezi wa Machi, itasoma karibu 77 kwa kasi ileile ya feni. GeForce nyingi huanza kujizuia zikikaribia 83. Radeon hutazamwa sehemu yenye joto zaidi ya chipu, na kikomo chake ni 110.

Kwa hiyo kwetu kadi ya feni mbili na bamba nene ina thamani kuliko ilivyo kwa mpimaji wa Ulaya. Toleo fupi la feni moja liache, hata likiwa rahisi kwa 3,000. Kisha shusha kikomo cha wati kuelekea asilimia 80 kwenye Afterburner, kadi ikikuruhusu: kwa RTX 5060 hiyo ni wati 116, na hasara ya fremu mara nyingi haifiki asilimia 10. Kasha liwe na feni ya kuingiza mbele na ya kutoa nyuma. Feni ya dari haisaidii kasha lililosukumwa ndani ya kabati.

Na chumvi ya bahari?

Hii ndiyo adui wa kweli wa Casuarina, Shela na nyumba zote ambazo dirisha linatazama maji. Ukitaka kujua hali ya chumba chako, tazama skurubu za kadi ya zamani nyuma ya kasha. Vichwa vikiwa na kutu ya kahawia, na mapezi ya alumini yana unga mweupe ukiyasugua kwa kidole, hewa yako ina chumvi ya kutosha kula shaba. Shaba ikiliwa inatoa rangi ya kijani kwenye meno ya dhahabu ya chini ya kadi, na hapo mashine inaanza kuwaka siku moja na kugoma siku ya pili.

Weka mashine upande usiopigwa na upepo wa kusi. Iwashe kila siku hata saa moja, joto lake hufukuza unyevu. Iliyofungwa miezi mitatu ya mvua huharibika kuliko inayotumika. Kila miezi miwili toa vumbi kwa blowa, feni umezishika kwa kidole zisizunguke. Meno ya kadi yafute kwa kitambaa kisicho na manyoya na alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Mafuta ya kupulizia bawaba yasiguse kadi, yanashika vumbi na chumvi pamoja.

Niko Lamu. Kadi itafika salama?

Hatari iko kati ya Mokowe na gati ya Lamu, pale boksi linapokaa sakafuni mwa boti kwenye maji ya kuchotwa. Mwambie muuzaji aache kadi ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, atie vifuko viwili vya kukausha unyevu, kisha afunge boksi zima kwa plastiki na kanda. Ikifika, usiifungue ukaichomeka papo hapo kama imetoka kwenye chumba cha AC. Iache ndani ya mfuko saa mbili tatu ipate joto la nyumba, la sivyo umande utatanda juu yake. Kama mashine inasafiri nzima, kadi itolewe. Kubebwa juu ya punda kunavunja sloti.

Nahariri video za harusi na za watalii. Nitazame nini?

Fremu za gemu sahau. Uliza kamera yako inarekodi nini. Ikiwa ni H.265 ya biti 10 ya 4:2:2 (aina ya video inayohifadhi rangi kwa undani), kadi nyingi haziwezi kuifungua, prosesa ndiyo inayobeba na video inakwama kila ukivuta. Msururu wa RTX 50 unaifungua, na Arc pia. RTX 40 haiifungui. Hapo Arc B580 ya bei ndogo inaweza kukufaa kuliko kadi ghali ya zamani. Kwa Blender, programu ya michoro ya 3D, chukua GeForce.

Kadi ya mtumba niitambue vipi?

Fungua programu ya GPU-Z, inayosoma taarifa za kadi. Kadi iliyobadilishwa jina huonyeshwa kwa neno FAKE mwanzoni mwa jina lake. Zinazopatikana sana ni GTX 1050 Ti ambayo ndani ni GTS 450 ya 2010. Kuna na RX 580 2048SP: si bandia, lakini ina vitengo 2048 badala ya 2304, nguvu yake ni ya RX 570, na bei yake iwe hiyo.

Dukani nijaribu nini kabla ya kulipa?

Omba dakika ishirini. Linganisha namba ya kwenye kadi na ya boksi. GPU-Z ionyeshe kumbukumbu kamili na idadi ya njia za PCIe. Endesha FurMark, programu ya kuikazia kadi mzigo, dakika kumi, ukitazama joto linapotulia na feni zote zikizunguka. Kisha gemu ya kweli dakika kumi, kwa sababu kadi mbovu ya kumbukumbu hupita FurMark na kutoa vidoti vya rangi kwenye gemu. Mlio mwembamba wa filimbi fremu zikipita 300 kwenye menyu ni wa kawaida. Hakikisha risiti ina namba ya kadi, na uliza nani analipa usafiri wa kuirudisha Nairobi ikiharibika ndani ya waranti.

Nimeifunga, skrini nyeusi.

Waya wa HDMI umeuchomeka kwenye madabodi. Uhamishe kwenye kadi. Bado nyeusi? Plagi ya pini 8 haijaingia hadi kubofya.